Kabla ya Kufungua Giaboksi ya Forester, Pima Matairi

SWALI

Kwako fundi mshauri,

Hujambo na poleni na kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kahawa Wendani. Nina Subaru Forester ya mwaka 2005, injini ya 2000, giaboksi ya otomatiki. Nililichagua gari la aina hii kwa sababu kwetu ni Njabini, Kinangop, na mvua ikishika, ile barabara ya kutoka lami hadi bomani haipitiki kwa gari dogo. Mama yangu anaugua presha, na mimi ndiye humpeleka kliniki.

Tangu Pasaka, nikikata usukani wote ili niegeshe, gari linashika kana kwamba nimekanyaga breki. Matairi yanalia, mwili wa gari unatetemeka, na nikiongeza mafuta linasonga kwa kurukaruka. Kwenye barabara iliyonyooka sioni shida, ila naona petroli inaisha upesi kuliko zamani.

Fundi wa kwanza, wa hapa mtaani, alizunguka nalo mara moja tu akasema giaboksi imekufa. Anayo nyingine ya kutoka Japani ameiona Kirinyaga Road, shilingi elfu tisini, na pesa za kazi juu. Wa pili alisema niachane na mambo ya giaboksi. Atoe propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, gari livutwe na magurudumu ya mbele peke yake, anidai elfu tatu. Shemeji yangu naye anasema Subaru hizi zimezeeka, niuze, niongeze kidogo, nichukue X-Trail ya zamani au Forester ya umbo lililofuata hili langu.

Kuna jambo lingine. Tukipanda kutoka Limuru kuelekea Flyover sindano ya joto huinuka hadi karibu robo tatu, kisha hushuka tukifika tambarare. Mwaka jana fundi mmoja alitoa thermostati, valvu inayodhibiti joto la injini, akaitupa, akasema huku kwetu haina kazi. Tangu hapo naongeza maji ya mfereji kila wiki.

Usidhani nimelitelekeza. Oili ya injini hubadilishwa kila kilomita 5,000, plagi ni mpya, na mwezi wa pili tairi moja la mbele lilipopasuka kwenye shimo nilinunua mawili mapya ya mbele, maana sikuwa na pesa za manne. Muuzaji alikuwa ameishiwa na 215/60 R16 kama yale yangu, akanipa 215/65 R16, akasema yataliinua gari kidogo na kwa barabara za kwetu ni afadhali.

Karo za watoto zinakaribia na sitaki kutupa pesa. Nimsikize nani?

Mwalimu, Kahawa Wendani

JIBU

Mwalimu, usimpe mtu yeyote elfu tisini kwa sasa, na propela shafti ikae mahali pake. Jambo ulilolitaja mwisho, ukilitoa kama ushahidi kwamba unalitunza gari, ndilo ninalolishuku kuliko yote: yale matairi mawili mapya.

Hebu tuifanye hesabu, nawe ni mwalimu. Kwenye 215/60 R16, namba 215 ni upana wa tairi kwa milimita, 60 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na 16 ni inchi za rimu. Ubavu wake basi ni milimita 129. Wa 215/65 ni karibu milimita 140. Weka ubavu juu na chini ya rimu, utapata kipenyo cha milimita 664 kwa yale ya nyuma na 686 kwa yale mapya ya mbele. Mzingo ni milimita 2,087 kwa 2,155. Tofauti ni milimita 68. Subaru wenyewe wanashauri mzingo wa matairi manne usipishane kwa zaidi ya robo inchi, yaani takriban milimita 6. Wewe umevuka kiwango hicho zaidi ya mara kumi.

Kwa gari linalovutwa na magurudumu mawili, kosa hilo lingekuharibia hesabu ya spidi na kuchakaza matairi, basi. Kwa lako ni habari nyingine. Katika kilomita moja magurudumu yako ya nyuma yanazunguka kama mara 479 na ya mbele 464. Ukienda kilomita 100, nyuma imeizidi mbele kwa mizunguko 1,500 hivi, na mbele na nyuma zimeunganishwa kwa chuma. Hiyo mizunguko ya ziada lazima imezwe mahali fulani.

Inamezwa kwenye mkia wa giaboksi. Katika giaboksi yako ya gia nne, magurudumu ya mbele yanapata nguvu moja kwa moja. Ya nyuma yanaipata kupitia pakiti ya sahani za klachi zinazoogelea ndani ya oili ileile ya giaboksi. Presha ya oili ikizibana sana, nyuma inavuta kwa nguvu. Ikilegeza, sahani zinateleza kidogo na nyuma inafuata tu. Anayeamua presha ni kompyuta, kwa kutumia valvu ndogo ya umeme inayoitwa solenoidi. Ukikata kona kali, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo sahani hizo lazima ziteleze ndipo gari lizunguke kwa ulaini. Zisipoteleza, tofauti inahamia kwenye matairi: yanakwaruza sakafu, yanalia, gari linashika na kuruka. Ndiyo hali uliyoieleza, neno kwa neno.

Sasa sahani zako, ambazo zinapaswa kufanya kazi hiyo kwenye kona na kwenye matope tu, zimekuwa zikisuguana mfululizo tangu mwezi wa pili, hata Thika Road ikiwa imenyooka mbele yako. Oili inachemka na kuchoka, injini inabeba mzigo usio na faida, na petroli inakwenda. Kwamba dalili zilingoja hadi Pasaka hakunishangazi, kwani oili hiyo huchukua muda kuharibika.

Kwa hiyo, upande wa giaboksi, anza na matairi. Hayo 215/65 bado yana uhai mwingi na yana soko, maana X-Trail nyingi za umbo la kwanza, T30, zinavaa saizi hiyohiyo. Yauze. Kisha angalia ya nyuma kwa makini. Tairi jipya huwa na kina cha mitaro cha milimita 8 hivi; kama ya nyuma yamebaki na 4, hata ukinunua mawili mapya ya saizi sahihi mzingo utapishana kwa karibu milimita 25, na tatizo litarudi likiwa dogo zaidi. Kwa gari hili, ni bora manne ya bei ya kadiri, ya chapa moja na saizi moja, kuliko mawili ya chapa kubwa. Najua pesa za matairi manne si kidogo kwa mshahara wa mwalimu, lakini ziko chini sana ya hiyo giaboksi. Baada ya hapo yabadilishane mbele na nyuma kila kilomita 10,000 ili yaishe pamoja, na upepo uwe ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe kabla ya kutumia shilingi, pima. Tepu ya fundi cherehani haitoshi, ina sentimita 150 tu. Chukua ule uzi wa nailoni wa waashi, usionyumbuka. Asubuhi gari likiwa baridi na upepo umesawazishwa, uzungushe uzi katikati ya tairi, pale kwenye mitaro. Kama tairi liko chini na uzi haupiti, chora mstari wa chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari hadi mstari uguse sakafu tena, kisha pima umbali. Fanya hivyo kwa yote manne, uandike. Fundi akikuambia matairi hayana uhusiano wowote na kona, mwonyeshe hiyo karatasi.

Kipimo cha pili ni cha fyuzi, na hugharimu bei ya fyuzi moja. Forester nyingi za otomatiki za enzi hizo zina kijisanduku kidogo chini ya boneti, upande wa abiria, karibu na ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, kimeandikwa FWD. Huwa kitupu. Zima injini, weka fyuzi ya ampea 15, washa. Taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi, na kompyuta itaamuru sahani ziachiliwe kabisa, gari livutwe na mbele tu. Nenda mahali peupe na salama, kata usukani wote, zunguka polepole pande zote mbili. Kama kushika kumeisha, furahi: sahani zinaachilia na solenoidi inatii, kwa hiyo shida iko kwenye matairi au oili. Kama gari bado linashika, solenoidi imekwama au waya wake umekatika, au sahani zenyewe na ngoma inayozibeba zimechimbika. Usipokiona hicho kijisanduku, gari lako halina. Ruka hatua hii. Na baada ya kupima, itoe fyuzi. Usiende Njabini kwenye utelezi ukiwa na magurudumu mawili ilhali unadhani unayo manne.

Angalia pia taa ya AT OIL TEMP, ile ya joto la oili ya giaboksi, unapowasha gari. Kwa kawaida huwaka kidogo ikazima. Ikipepesa mara nyingi mfululizo injini inapoanza, kompyuta ya giaboksi imehifadhi kosa, na mwenye mashine ya kusoma Subaru ataweza kukuambia ni kosa gani. Mashine za bei ya chini zinazosoma injini pekee hazitoshi hapa. Uliza kabla hujalipa.

Kuhusu solenoidi yenyewe nataka uelewe jambo ambalo linawaponza watu wengi. Umeme usipoifikia, presha yote huachiwa izifikie sahani, nazo hubanwa kabisa, magurudumu manne yakafungwa pamoja. Kwa hiyo waya mmoja uliokatika unaweza kuleta dalili zilezile za giaboksi iliyokufa. Na solenoidi hiyo iko kwenye mkia wa giaboksi. Fundi anayeijua Subaru huufungua mkia giaboksi ikiwa bado kwenye gari. Si kazi ya dakika kumi, lakini si ya kushusha giaboksi nzima. Fundi aliyezunguka nalo mara moja na kutaja elfu tisini hakuuliza hata moja kati ya haya.

Baada ya matairi, badilisha oili ya giaboksi, maana imepikika. Giaboksi hiyo hubeba takriban lita 9, lakini ukifungua nati ya chini hutoka kama lita 4 tu, nyingine zinabaki kwenye konveta na mirija. Kwa hiyo hubadilishwa kwa awamu: mwaga, jaza, endesha siku chache, mwaga tena, hadi mara tatu. Tumia oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, si yoyote nyekundu utakayouziwa kwa kipimo. Wengi wanaopata kushika kidogo hupona hapo.

Na hapa nakusihi usimame karibu na fundi wakati wa kumwaga. Chini ya Forester ya otomatiki kuna nati tatu za kumwagia: ya oili ya injini, ya giaboksi, na ya difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia), ambayo iko ndani ya umbo la giaboksi lakini ina oili yake tofauti na kijiti chake cha kupimia. Pale pa kuoshea magari wanapobadilisha oili haraka, kijana hufungua nati isiyo yake, akamwaga giaboksi akidhani ni injini, kisha akaongeza lita 4 kwenye injini ambayo bado imejaa. Gari linatoka hapo na giaboksi haina oili ya kutosha. Difu ya mbele nayo ikisahaulika kwa miaka inaanza kulia kama ndege ya mbali, na hiyo difu ni ghali. Ya nyuma huchukua chini ya lita moja ya 75W-90. Zibadilishe zote mbili siku hiyohiyo.

Sasa ile ya kutoa propela shafti. Kwa giaboksi kama yako gari litatembea, na ndiyo maana fundi ana ujasiri. Lakini pale shafti inapochomoka kwenye mkia ndipo oili ya giaboksi inapozuiwa. Pasipozibwa vizuri utaimwaga yote barabarani. Na kwenye Subaru zenye difu ya katikati, kama za manyuali na baadhi ya zile za tabo (turbo), kutoa shafti hupoteza nguvu na kuunguza kiungo cha katikati. Zaidi ya yote, utakuwa umelipa elfu tatu ili kuondoa sababu iliyokufanya ununue gari hili. Wewe una mgonjwa wa kumtoa Kinangop mwezi wa nne. Hapana.

Ikiwa baada ya yote haya itathibitika kweli giaboksi imeharibika, kununua ya kutoka Japani si dhambi. Ila kuna mtego. Ndani ya giaboksi ya Subaru kuna uwiano wa difu ya mbele, na lazima ulingane na uwiano wa difu ya nyuma iliyo kwenye gari lako. Ziko za 4.111 na za 4.444, na kwa macho zinafanana. Ukifungiwa isiyolingana, mbele na nyuma zitapigana vibaya kuliko matairi yako ya sasa, na giaboksi mpya itaungua upesi. Juu ya giaboksi, karibu inapoungana na injini, kuna namba ya utambulisho inayoanzia TZ1. Linganisha namba yote, herufi kwa herufi, na uandikiwe kwenye risiti kwamba muuzaji ataichukua isipolingana. Kirinyaga Road kuna wauzaji waaminifu kabisa, na kuna wengine pia. Karatasi ndiyo itakayokutetea.

Joto nalo usilichukulie kama jambo dogo la pembeni. Mimi lingeninyima usingizi kuliko kona.

Fikiria mahali unapokwenda. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinangop, kwenye mita 2,500, huchemka kwenye 92. Injini hufanya kazi karibu kabisa na joto hilo. Kinachozuia maji yasichemke ni presha ndani ya mfumo, na presha hiyo inashikiliwa na kifuniko cha redieta. Mpira wa kifuniko ukipasuka, maji huchemka mapema, mvuke huingia kwenye hedi (kichwa cha injini, cha alumini), na alumini haivumilii hilo. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo sana. Badilisha kwanza.

Kisha rudisha thermostati. Hii tabia ya kuitoa imeharibu injini nyingi mjini, na inaniudhi kila ninapoisikia. Ya Subaru iko upande wa chini, pale maji yaliyopozwa yanapotoka kwenye redieta kuingia kwenye pampu, na huanza kufunguka kwenye nyuzi 78 hivi. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto, hula petroli zaidi, na joto halina msimamizi: baridi Wendani, juu Flyover. Nunua halisi, kwa sababu zile za kuiga huwa na mdomo mdogo usiopitisha maji ya kutosha.

Acha pia maji ya mfereji. Jaza kulanti, dawa ya maji ya redieta, iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. Injini ya Subaru imelala chini na hupenda kuficha hewa, kwa hiyo ijazwe polepole, skrubu ndogo ya plastiki kwenye kona ya juu ya redieta ikiwa wazi, hadi mapovu yaishe. Fundi akimimina kwa dakika mbili na kufunga, utarudi na joto lilelile. Zile feni mbili nazo zijaribiwe. Ukiwasha AC, zote zinapaswa kuzunguka. Na uso wa redieta uoshwe kwa maji ya mgandamizo mdogo kutoka upande wa injini kwenda nje, maana safari za Kinangop hujaza udongo na wadudu katikati ya mapezi.

Lakini swali lako la msingi ni hili: kwa nini unaongeza maji kila wiki? Mfumo usio na kasoro hauvuji hata tone. Maji yanakwenda mahali. Huenda ni paipu, huenda ni pampu, huenda ni gasketi ya hedi. Sifa mbaya ya gasketi kwenye Subaru imetoka zaidi kwa injini za lita 2.5, na yako ni ya lita 2.0 (hiyo 2000), ila injini yoyote iliyopandishwa joto mara kwa mara inaweza kufika huko. Asubuhi kabla hujawasha, bonyeza paipu ya juu ya redieta; ikiwa ngumu ilhali injini imelala usiku kucha, kuna gesi ndani. Injini ikiwa na joto, tazama ile chupa ya akiba: mapovu yasiyokoma na harufu ya moshi si dalili njema. Gereji nzuri ina kichupa cha dawa ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa redieta. Dawa ikigeuka manjano, moshi wa injini unaingia kwenye maji. Kipimo hicho kifanywe kabla hujatumia pesa nyingine yoyote kwenye gari hili, hata kabla ya matairi. Ikiwa gasketi imepasuka, hedi zote mbili zishushwe, zipelekwe kusawazishwa, na zifungwe na gasketi za chuma za tabaka.

Huenda pia mambo yako mawili yanahusiana. Oili ya giaboksi yako inapozwa ndani ya redieta hiyohiyo ya injini. Sahani zinazosuguana safari nzima zinapasha oili, nayo inapeleka joto lake kwenye maji ya injini, hasa mlimani. Usishangae matairi sahihi yakishusha sindano.

Pampu ya maji kwenye injini hii huzungushwa na mkanda wa taimingi. Kama aliyekuuzia hakukupa risiti ya mkanda, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Japani hupewa kilomita 100,000. Sisi na vumbi letu tusiusubiri hadi hapo. Ukikatika injini ikiwa mbio, valvu hugongana na pistoni. Ubadilishwe pamoja na pampu, tensiona na puli zake, kazi moja, malipo ya fundi mara moja.

Nije kwa shemeji. Hajakosea kufikiria, ila gari alilolitaja halitakuondolea lolote kati ya haya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo X-Trail ya T30 au Forester ya 2008 utakayoipata imeshaishi hapa, kwenye matuta yetu na kwa mafundi wetu. Utakuwa unauza matatizo unayoyajua ili ununue ya mwingine. X-Trail ni gari zuri lenye swichi ya kuchagua magurudumu mawili, otomatiki au kufunga, lakini injini yake ya QR20 ikishaanza kula oili haishibi. Forester iliyofuata ya injini 2000 ilitumia mkanda hadi 2010 hivi, kisha ikaja injini ya FB yenye cheni badala ya mkanda. Kama utabadilisha siku moja, tafuta ya cheni.

Na ukienda kuliangalia, mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, halafu weka kiganja kwenye boneti. Gari la kuuza lililopashwa moto mapema linafichwa kitu. Soma saizi kwenye ubavu wa kila tairi. Zunguka usukani ukiwa umekatwa wote, kulia na kushoto, kwenye sakafu ngumu. Endesha kwa 80 dirisha likiwa wazi. Muungurumo unaoongezeka na mwendo, hasa nyuma, ni beringi za magurudumu, ugonjwa wa kawaida wa Forester za umbo lako. Kisha piga magoti uchungulie chini uhakikishe propela shafti ipo, kwani wale wa elfu tatu wana wateja, na magari hayo hatimaye huuzwa kwa watu kama wewe. Fanya utafutaji wa umiliki kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, uone jina na kama kuna mkopo juu yake, na ulipie ukaguzi wa AA, chama cha wenye magari, au wa fundi asiyemjua dalali. Usinunue mbuzi kwenye gunia.

Ushauri wangu ni ubaki na lako, kipimo cha gasketi kikitoka safi. Kikitoka kibaya, pata bei ya kazi ya hedi kwanza, iandikwe, ndipo uniandikie tena tulinganishe na bei ya kuliuza lilivyo.

Hadi kipimo hicho kifanyike, safari ya Njabini ifanywe kwa matatu. Likikwama njiani na sindano iko juu, zima, usifungue kifuniko, ngoja zaidi ya nusu saa. Ukiita bredauni, waambie kwa simu kwamba unataka lori la kitanda, magurudumu yote manne yapande juu. Wakija na ile ya kuinua mbele na kuburuta nyuma, kataa, hata wakisema ni hapo karibu tu. Sahani tulizozizungumzia huungua kwa umbali mdogo namna hiyo. Namba ya lori la kitanda iweke kwenye simu leo.